Maji ya Waliofunga

Juzi mmeniaga. Mmenipa saa ya ukutani na kanga doti mbili, nashukuru, na saa mpaka leo inatembea. Mkasema Mwalimu Rufina alipenda sana matembezi. Sikupenda matembezi! Mtu aliyezaliwa uwanda wa Makonde, akabebeshwa mtungi wa maji tangu hajaota meno ya pili, anapenda kukaa. Mimi nilipanga matembezi, na kupanga ni kazi kama kazi nyingine, ina jasho lake na lawama zake.

Hilo ningelimeza pamoja na pilau. Lililonikaa kooni ni maneno ya yule kijana aliyesimama baadaye, mwalimu mgeni, akasema chuo chetu kina mashujaa wake, kama marehemu Mwalimu Selemani Nahoda aliyepewa maji korongoni akayakataa kwa ajili ya saumu yake. Nanyi mkapiga makofi. Nilikuwa na kipande cha kuku mkononi, nikakirudisha kwenye sahani. Kijana simlaumu, amesimulia alivyosimuliwa. Lakini ninyi wa zamani mliokuwa mmekaa pale mnatafuna, mliokuwepo! Hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Basi nimekaa hapa nyumbani Rahaleo, naandika. Sitawaeleza nilipandishwa lini wala nililipwa nini, hayo muulizeni karani. Nitawaeleza namna ya kupanga safari ya siku moja ya kuzunguka Korongo la Mchelenje, kwa kuwa mmeirithi kazi hiyo, na nitawaeleza Selemani alikufaje.

Nilifika chuoni miaka michache baada ya Uhuru, nikidhani jiografia inafundishwa kwa ramani na fimbo. Siku ya kwanza nilimkuta mwalimu mwenzangu wa somo ananingoja nje ya ofisi. Alikuwa mwanamume mwembamba wa Mikindani mwenye kofia ya kiua, kaptura ya kaki, filimbi shingoni na katambuga miguuni. Alivitazama viatu vyangu vya kisigino, akaguna.

"Mwalimu, hivyo si vya kanisani?"

"Ni vya kazini," nikamjibu.

"Hapa kazi iko mchangani. Karibu sana, lakini vivue."

Huyo ndiye Selemani. Wiki ile ile akanipeleka Mchelenje. Korongo lenyewe liko pale uwanda wetu unapokatika kuelekea bonde la Ruvuma. Kiangazi halina tone la maji. Kuta nyekundu zinasimama huku na huku, chini kuna mchanga mweupe unaounguza, na upepo hauingii humo hata uuite kwa jina. Njia ni ya mzunguko. Unashuka kwa mashariki, unafuata mchanga mpaka korongo linapobana, unapanda mteremko mkali mpaka ukingoni penye mikorosho, kisha unarudi kwa juu mpaka ulipoanzia. Ukiingia alfajiri, ukuta wa mashariki unakukinga jua na safari inapendeza kabisa. Ukichelewa, jua linakuwa limeshakaa katikati ya korongo, na wewe umo ndani.

Nilidhani ataniweka mbele niione njia. Akaniweka nyuma ya wanachuo wote, yeye akatembea nami.

"Mbele ataongoza yeyote mwenye macho," aliniambia. "Mpango unafanywa huku nyuma. Tazama nani anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Tazama nani ameacha kuongea. Na ukimwona ameacha kutoka jasho, huyo mkamate, usimwulize kitu."

Mengine aliyonifundisha ni haya, na myashike. Njia uitembee mwenyewe kabla ya wanachuo, msimu ule ule, si kwa kumbukumbu za mwaka jana, maana mvua ikishapita korongo linahama. Filimbi mbili, moja mbele na moja nyuma. Kamba. Kila mtu na chupa yake, na wa nyuma abebe chupa asiyoinywa, ya yule atakayeishiwa. Maji makubwa yaende kwa lori kwa barabara ya juu, yawangoje ukingoni kwenye mikorosho, kwa kuwa hapo ndipo mtu anapofika akiwa hana kitu tena. Yatiwe katika madebe yaliyosuguliwa majivu mpaka harufu ya mafuta ya taa iishe, na juu uweke majani yasimwagike njiani. Hilo la majani nilimfundisha mimi. Alifurahi kama nimemletea zawadi, akalisimulia kila mahali kwamba kafundishwa na Mwalimu Rufina.

Na ruhusa. Miaka ile ng'ambo ya mto vita vya Mreno vilikuwa vinawaka, na ndege zake hazikuwa zikiheshimu mpaka. Hutembezi watu kule bila kupita kwa wakubwa wa ulinzi, na masharti yao yalikuwa mafupi: msiwashe moto, msipeperushe vitu vyeupe, mrudi kabla ya giza. Tuliyatii, si kwa kuwa tulikuwa watiifu, bali kwa kuwa tulikuwa na wanachuo waliokimbia kutoka kule na familia zao. Hao wakisikia mlio wa ndege, wenzao wakitazama juu, wao walikuwa wameshalala chini zamani.

Tulipata visanga. Mwaka mmoja vijana wawili wa Ufukoni walimaliza maji yao mapema, wakakaa kitako wakaanza kuchimba mchanga kwa mikono. Kwao pwani ukichimba kidogo tu maji baridi yanakuja, basi waliamini mchanga wote duniani ni ndugu. Walichimba mpaka mmoja alizama kifuani. Selemani akainama pale juu ya shimo, akawauliza kwa adabu kabisa, "Jamani, mnamzika nani?" Mwaka mwingine mwanachuo mmoja alijisaidia penye upupu, na sitasema zaidi, sasa ni mwalimu mkuu mahali fulani. Tulicheka, tulikasirika, tulirudi nyumbani wote. Kila mwaka wote. Selemani aliwahesabu kwa kuwagusa bega wakipanda lori, hakumwamini mtu kwa kuitika tu.

Kisha akaja Mkuu wa chuo mpya. Jina lake silitaji, wanaomjua wanamjua. Hakuwa mtu mbaya wa kupiga watu wala kuiba. Alikuwa mtu wa wageni. Mgeni akitajwa kuja kutoka Dar es Salaam, Mkuu alikuwa halali, anapaka chokaa mawe.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, mnakumbuka, Ramadhani iliangukia kwenye joto lile la kabla ya mvua, mikorosho ikiwa inachanua na watu wanapumua kwa shida hata kivulini. Kanuni yangu na Selemani ilikuwa moja: Ramadhani hatuendi korongoni. Nusu ya wanachuo wetu walikuwa Waislamu. Tulingoja Idi ipite. Mwaka huo Mkuu akaniita.

"Mgeni wetu anataka kuona elimu ya vitendo. Alhamisi mtakwenda Mchelenje."

"Mkuu, ni Ramadhani."

"Waliofunga si wagonjwa, mwalimu."

"Wakizunguka Mchelenje kwa jua hili watakuwa wagonjwa."

"Alhamisi," akasema, akachukua kalamu.

Nilikwenda kwa Selemani nikiwa nafoka. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Nikamwomba abaki nyumbani, mimi nitapata kijana wa kutembea nyuma. Akanitazama kana kwamba nimemwambia nitapata kijana wa kumwolea mke.

"Waliofunga watakuwa wengi, Rufina. Wakizidiwa, nani atawaambia wafungue nao wakamsikia? Wewe Mkatoliki?" Akacheka. "Tupange vizuri tu. Tuondoke wakimaliza daku. Saa ya joto iwakute mikoroshoni. Na maji yawe ya watu wote. Tena aliyefunga ndiye wa kuwekewa kwanza, maana yeye akiyataka, ameyataka kweli."

Hivyo ndivyo tulivyopanga. Jumatano jioni nilisimamia mwenyewe ujazaji. Mabomba ya mjini yalikuwa yamekauka wiki ile, maji yaliletwa na wasichana kichwani kutoka kisima cha Mtawanya, na kila mmoja alikuwa amechoka. Nilipakia madebe sita kwenye lori, nikayawekea majani, nikamwambia dereva wetu, Matei, kwamba atakayeligusa debe atanijibu mimi.

Alhamisi alfajiri tukashushwa mwanzo wa njia, lori likarudi mjini kumchukua Mkuu na mgeni ili liwalete kwa barabara ya juu. Tukakaa. Amri ilikuwa tusiingie korongoni mpaka mgeni atupungie mkono kutoka ukingoni, kwa ajili ya picha. Picha! Mgeni alikuwa analala. Jua likachomoza sisi tumekaa, likapanda sisi tumekaa. Nikamwambia Selemani turudi kwa miguu hadi barabara kuu, liwalo na liwe. Ndipo wakatokea kule juu, mgeni akapunga, Mkuu akapiga makofi ya kutuharakisha.

"Maji yako juu," Selemani akasema. "Madebe sita. Twende polepole, tutafika."

Tukaingia. Ukuta wa mashariki ulikuwa hauna kivuli tena cha kumpa mtu. Nilitembea mbele na filimbi yangu, na kila tulipopumzika nilipuliza, naye akanijibu kutoka nyuma. Tulipofika korongo linapobana aliwakusanya waliofunga akawaambia waziwazi: anayeona kizunguzungu afungue, atalipa siku yake baada ya Idi, Mungu hakumtuma mtu ajiue. Wachache walifungua, wenzao wakawagawia maji yaliyobaki. Wengine wakaona haya. Zuhura, binti wa Mikindani, mwembamba, mkaidi, akakataa. Hatua chache mbele akaanguka. Selemani akamketisha, akamfungulia ile chupa asiyoinywa, akamnywesha yote, huku akimwambia maneno ya mzazi kwa mtoto. Nilirudi nikaona. Nikamwuliza, "Na wewe, kaka?"

"Mimi naona kiu tu," akasema. "Nitafungua juu. Nenda mbele, watu wako wanasimama."

Nikaenda mbele. Nilijua juu kuna madebe sita.

Nilipotokeza ukingoni kitu cha kwanza nilichokiona ni moshi. Moto! Mkuu alikuwa amemchemshia mgeni chai. Kulikuwa na meza, kitambaa cheupe, na viti vinne kutoka ofisini. Mgeni alikuwa amevua soksi, ameweka miguu ndani ya karai, Matei anammiminia. Na chini ya mkorosho kulikuwa na debe moja. Moja!

"Matei," nikasema, "maji yangu yako wapi?"

Matei hakunitazama. "Matatu yamebaki chuoni, mwalimu. Mawili yameishia kwenye chai na karai. Limebaki hilo."

Mkuu akainuka, uso mkunjufu. "Niliyapunguza, Mwalimu Rufina. Mgeni atahitaji kuoga jioni, na mjini hakuna maji. Nikapiga hesabu: nusu wamefunga. Maji ya nini kwa mtu aliyefunga?"

Hebu lisomeni tena neno hilo. Mtu mzima, mwenye shahada. Maji ya nini kwa mtu aliyefunga!

Wanachuo walikuwa wanatokeza nyuma yangu kwa magoti na mikono, na debe moja kwa watu wale lilikuwa la kulowesha ulimi. Nilisimama juu yake na kata, nikampa kila mtu funda, wenye hali mbaya mafunda mawili, wa dini hii na wa dini ile. Zuhura akafika ameshikwa kwapani. Debe likaisha. Nikapuliza filimbi. Hakuna jibu. Nikapuliza tena, kisha nikasikia sauti ya kijana kutoka chini: "Mwalimu! Mzee kaanguka!"

Nikamgeukia Matei. Alikuwa ameshashika galoni ya maji ya rejeta, yana kutu na mafuta kidogo, akanipa. Mkuu akaniwekea mkono mbele.

"Hayo ni ya gari. Injini ikifa, mgeni atarudije?"

"Ife!" nikamwambia. Ndilo neno pekee lililonitoka. Nikateremka.

Alikuwa amelala ubavu chini ya mteremko, vijana wawili wamemwekea mashati yao juu kama kivuli. Ngozi yake ilikuwa kavu, ya moto. Walisema ameomba maji tangu alipoanguka, hawakuwa nayo. Nikapiga magoti, nikamwita. Akafumbua macho akanijua.

"Maji, Rufina."

Nikamwinua kichwa, nikamwekea galoni mdomoni. Yakaingia, yakatoka pembeni ya mdomo. Nikajaribu kwa kiganja, nikajaribu kwa kitambaa. Koo lilikuwa limeshagoma. Mkuu alikuwa amesimama kule juu ukingoni anatutazama, na ninajua alichokiona: maji yanatoka mdomoni. Tulimpandisha kwa kamba yake mwenyewe. Alikata roho ndani ya lori kabla hatujafika barabara kuu, kichwa chake kiko mapajani mwangu, mgeni amekaa mbele na viatu mkononi.

Kesho yake tukazika Mikindani. Wanaume walikuwa nje barazani, sisi wanawake ndani, na mimi nilikuwa nimekaa mkekani kando ya mjane, Bi Mwanaisha, niliyekuwa namwita wifi tangu mwaka wangu wa kwanza. Dirisha lilikuwa wazi. Tukasikia sauti ya Mkuu ikiomba ruhusa ya kusema machache kabla jeneza halijatoka. Akasema chuo kimepoteza mtu wa imani. Akasema, "Nilishuhudia kwa macho yangu. Tulimpelekea maji, akayatema. Alikataa kuivunja saumu yake. Amekufa amefunga."

Nje watu wakatoa takbira. Ndani mama mmoja akamkumbatia Mwanaisha akamwambia, "Una bahati, umepata mume wa peponi." Wakaja wengine, wakambusu mikono. Mimi nilikuwa nimeshapiga goti moja nisimame, niende dirishani nipige kelele mpaka Mtwara wasikie. Nikamtazama wifi yangu. Alikuwa anatazama ukuta, hajadondosha hata chozi. Nikawaza, kitu pekee alichobakiwa nacho mwanamke huyu ni sifa hii, wewe Rufina utampokonya mbele ya jeneza? Nikakaa. Nilijing'ata mdomo wa ndani mpaka nikaonja damu.

Baada ya mazishi hasira haikunipa usingizi. Nikaingia ofisini kwa Mkuu bila kubisha hodi. Nikamwambia asimame kwenye paredi aseme ukweli: kwamba maji yalishushwa, na nani aliyeyashusha.

Hakupandisha sauti. "Mwalimu Rufina, unataka mjane aambiwe mumewe alikufa analilia maji kama mtoto? Mimi nimempa heshima. Wewe una roho gani?"

Jamani, nimewahi kutukanwa, lakini sijawahi kufungwa mdomo namna ile. Alikuwa amejificha nyuma ya kanga ya mjane, na alijua siwezi kuivuta. Wiki hiyo hiyo akatoa amri mpya: kuanzia sasa wanachuo waliofunga wasishiriki matembezi, kwa usalama wao. Mnaona? Kosa likawa la saumu. Wala hakuna aliyeuliza habari ya madebe. Zuhura akaanza kuzomewa bwenini kwamba alifungua kwa chupa ya mzee wakati mzee mwenyewe alikufa na saumu yake. Binti akaacha kula na wenzake.

Ni hilo la Zuhura lililonimaliza. Idi ilipopita nikapanda basi la Mikindani. Bi Mwanaisha alikuwa ndani, yuko eda, amejifunga nguo nyeupe, amekonda. Mezani kulikuwa na halua za watu waliokuja kumpongeza. Kumpongeza!

"Wifi," nikasema, "nimekuja na neno baya."

"Liseme. Mazuri yamenichosha."

Nikamwambia yote, tangu madebe mpaka chupa ya Zuhura, tangu galoni ya lori mpaka mapaja yangu. Sikuacha kitu. Nilisema nikitazama mkeka, maana nilikuwa namwua mumewe mara ya pili. Nilipomaliza, akauliza kwa sauti ndogo:

"Aliomba maji?"

"Aliomba, wifi."

"Wewe mwenyewe ulimsikia?"

"Alisema, 'Maji, Rufina.' Na vijana aliwaambia kabla yangu."

Akapiga paja kwa nguvu, pah! Nikadhani atanifukuza.

"Unajua nimelala na nini tangu siku ile? Nimelala na hasira ya Selemani! Kila anayeingia hapa ananisifia, na mimi moyoni nasema, kumbe bwana ulipewa maji! Uliletewa mpaka mdomoni, ukanikumbuka mimi, ukawakumbuka watoto, ukaona bora sifa! Hata dua nimeshindwa kumwombea, Rufina. Nainua mikono, ulimi unagoma." Na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza, kilio cha mtu aliyefiwa leo. "Kumbe alitaka kurudi. Maskini, kumbe alitaka kurudi nyumbani."

Nikamshika tukalia wote wawili, Mkatoliki na mjane wa Kiislamu, halua zimetukodolea macho. Alipotulia alijifuta kwa ncha ya kanga.

"Huyo bwana mkubwa amekuja hapa mara tatu," akasema. "Amekula kwenye hitma ya mume wangu. Amerudia kula! Eda yangu ikiisha, utanipeleka huko chuoni kwenu."

Eda haiharakishwi. Nilingoja, nikafundisha, nikamwona Mkuu kila asubuhi. Siku ilipofika, Matei alitoka na lori bila ruhusa ya mtu, akaenda Mikindani, akarudi paredi ikiwa inaendelea. Bi Mwanaisha alishuka na buibui lake. Mkuu alipomwona akafurahi. Alidhani amekuja kutoa shukrani. "Mama yetu, mjane wa shujaa wetu, karibu jukwaani!" Wanachuo wakapiga makofi. Mimi nilipanda naye, nikasimama nyuma.

Hakusalimia.

"Mimi ni mke wa Selemani. Mmeambiwa mume wangu alipewa maji akayakataa. Si kweli. Mume wangu aliona kiu, akaomba maji, kama mtu yeyote. Hayakuwepo. Yalikuwa hapa chuoni, yalibakizwa kwa ajili ya kumwogesha mgeni." Akamgeukia Mkuu. "Baba, nimesema uongo?"

Mkuu akafungua mdomo. Akamtazama Matei, akanitazama mimi, akatazama wanachuo, na wanachuo wote walikuwa wanamtazama yeye. Mdomo ukabaki wazi hivyo hivyo. Miezi michache baadaye walimhamisha, na walimhamisha kwa kumpandisha, vyeo vya nchi hii ndivyo vilivyo.

Asubuhi ile Bi Mwanaisha hakumngoja. Akauliza, "Yuko wapi yule binti aliyekunywa chupa ya mume wangu?"

Zuhura akatoka nyuma kabisa, mtandio umemfunika mpaka machoni, anatembea kama anayekwenda kuchapwa. Alipofika chini ya jukwaa akapiga magoti. Bi Mwanaisha akainama, akamshika kidevu, akamwinua uso.

"Yalikutosha?"

"Yalinitosha, mama."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanaisha, akashuka, akamshika mkono, wakaondoka pamoja kuelekea kwenye lori.